Familia Iliyokuja Kutazama Nyumba Halvard

Jumatatu, 7 Aprili

Upepo. Matope. Kahawa ya Ardith, ile ile ya jana, imepashwa tu. Ndiyo Halvard hiyo, mji wetu. Ukipiga chafya nyumbani kwako, ukifika mkahawani unaulizwa kwa nini ulilala dirisha wazi.

Lakini leo kulikuwa na habari. Ardith, mwenye mkahawa, katangaza kwamba Jumamosi inakuja familia kutafuta nyumba ya kununua. Baba, Tobias Reinholt, ni fundi wa ile mitambo ya upepo kule kilimani. Ana mke. Ana watoto watatu, wote wa umri wa shule! Mwalimu Thea, aliyekuwa anakula yai lake kimya kimya, akaanza kulia hapo hapo mezani. Afisa elimu wa kaunti alishamwambia: akipata watoto watatu zaidi kabla ya kikao cha wiki ijayo, shule inabaki. Asipopata, inafungwa, na hao wachache tulio nao watapandishwa basi kwenda mji wa jirani, Pruitt. Giza asubuhi, giza jioni.

Watu wote wakamgeukia shemeji yangu Wendell. Eti nyumba ya marehemu shangazi yake ndiyo itakayowafaa. Wendell ni mwenyekiti wa halmashauri ya mji, meneja wa ghala la nafaka, tena mume wa dada yangu. Ana kila kitu kasoro nywele. Hakuna aliyekumbuka kuwa na mimi nina nyumba. Nyumba ya Mama, tupu tangu tulipomzika. Nikawakumbusha. Nikasema ina hewa nzuri.

Wendell akasema, "Hewa ipo, shemeji. Inaingilia darini, inatokea sebuleni."

Mkahawa mzima ukacheka. Dada yangu Lorna naye kacheka. Damu yangu!

Watainunua nyumba ya Mama. Nimeapa. Kisha nahamia Arizona, kwenye jua, ambako hakuna Wendell.

Jumanne, 8 Aprili

Rangi! Nyumba ni sura. Bandani kwangu nina makopo ya rangi niliyobaki nayo tangu nilipokuwa kibarua wa barabara za kaunti. Njano, ile ya mistari ya katikati ya barabara. Haifutiki kwa mvua wala theluji. Nikapaka upande wa mbele peke yake. Nani huzunguka nyumba?

Kufika adhuhuri, ukuta uling'aa hadi ng'ombe wa jirani wakasogea uzio wa mbali. Nikasimama barabarani nikajipongeza. Ndipo upepo ukageuka. Ukapita kwenye ghala la Wendell, ukabeba makapi yote ya mahindi, ukaja nayo moja kwa moja kwenye rangi mbichi. Nyumba ya Mama imeota manyoya!

Ardith kapita na gari polepole, kashusha kioo, kauliza kama nyumba inaumwa.

Wendell kafungua milango ya ghala makusudi. Lorna kanipigia simu kumtetea: eti mumewe hupakia lori kila Jumanne, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo ujanja wenyewe huo. Miaka yote alikuwa anajiandaa.

Jumatano, 9 Aprili

Lorna kaja na bakuli la tambi na samaki, za kuoka. Nikajua ana jambo.

"Kaka, nakuomba," kasema. "Safari hii mwachie Wendell. Si habari ya nyumba tena. Ni shule."

Kanikumbusha kwamba tulisoma pale sote wawili. Kwamba Mama alikuwa akiwapikia watoto wa shule chakula cha mchana, na mikono yake ilinuka vitunguu hadi Jumapili kanisani. Eti mji usio na shule ni mji wa wazee wanaosubiri kuzikana.

Nikamjibu. Nikamwambia Mama aliniachia mimi nyumba kwa sababu mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha, wakati yeye Lorna alikuwa anakuja Jumapili na maua, anakaa nusu saa, anaondoka.  Kavaa koti lake, katoka. Bakuli kaliacha.

Nimekula tambi zote. Hazikuwa na chumvi. Baadaye sikujisikia vizuri. Nadhani ni samaki.

Alhamisi, 10 Aprili

Ushindi! Akili yangu bado inafanya kazi.

Kama nyumba yangu haiwezi kupendeza, ya Wendell inaweza kuchukiza. Chini ya banda langu anaishi kicheche, yule mnyama anayerusha maji ya uvundo akitishwa. Mnono, mweusi, mstari mweupe mgongoni. Nikamtega kwa kopo la dagaa ndani ya kizimba, nikamfunika blanketi. Kicheche akiwa gizani hutulia. Nikampakia kwenye pikapu, nikaendesha kama nabeba mayai.

Mbele ya shule Mwalimu Thea kanisimamisha.  Alitaka kunionyesha michoro ya watoto: jua, ng'ombe, mnara wa tangi la maji, na neno KARIBUNI kwa rangi zote. Wataishika Jumamosi wageni wakifika. Kanusa hewa, katabasamu, kasema majira ya kuchipua yamefika kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Sikushusha kioo.

Wendell alikuwa kazini. Nyumba ya shangazi yake ina baraza la mbao, na chini ya baraza kuna tundu. Nikafungua kizimba. Kicheche kaingia kama mwenye nyumba! Nikamwekea dagaa zaidi, nikaegemeza ubao tunduni asibadili mawazo. Hakunirushia hata tone. Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 11 Aprili

Balaa.

Asubuhi Wendell katokea uani kwa Mama na ngazi, na wanaume wa ghala, na makopo ya rangi nyeupe. Nikadhani ni vita. Nikashika koleo. Yeye kavua kofia. Kasema amezungumza na Lorna, na ameiondoa nyumba ya shangazi yake. Wageni wataonyeshwa ya Mama peke yake. Wamekuja kuitengeneza.

"Shule kwanza, shemeji," kasema. "Kugombana tutagombana baadaye. Muda tunao, wapi tutakwenda?"

Walikwangua manyoya yote. Wakaziba paa. Mwalimu Thea kaja na watoto, wakaosha madirisha, mtoto mmoja kwa kila kioo. Ardith kaleta sandwichi na hakumtania mtu. Lorna kapiga magoti kusugua jiko la Mama na hakunitazama. Alasiri nyumba ilikuwa nyeupe, imesimama wima, kama siku zile Baba yuko hai. Nilikaa kwenye ngazi za mlango.  

Ndipo Wendell, akiwa juu ya ngazi anagongomelea mfereji wa maji ya mvua wa Mama, akasema wageni wamepiga simu. Wanafika leo jioni badala ya kesho. Hoteli Halvard hatuna, kwa hiyo amewatandikia vitanda nyumba ya shangazi. Watalala pale, na mbwa wao.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikasema ile nyumba ina baridi, afadhali walale Pruitt. Wendell kasema ameshawasha hita. Nikasema kuna panya. Kasema kuna mbwa. Akanitazama, misumari mdomoni, uso umejaa wema hadi unatia hasira. Ningemwambiaje mtu wa namna hiyo, mbele ya watu wote?

Nikafunga mdomo. Huenda kicheche ameshaondoka. Wana tabia ya kutembea.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakuondoka.

Tulijipanga mbele ya nyumba ya Mama tangu asubuhi. Ardith na pai mbili. Watoto na michoro yao. Mwalimu Thea kavaa gauni la bluu alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake. Tukangoja. Kabla ya wageni, ilifika harufu.

Ilikuwa hivi. Mbwa aliusukuma ubao, akaingia chini ya baraza. Mtoto mdogo akamfuata mbwa. Baba akamfuata mtoto. Kicheche hakubagua.

Mama mtu, Camille, kaja kwetu kwa miguu, kavaa joho la kuogea, macho mekundu, mtoto mabegani anatapika. Kasema kwa upole kwamba anatushukuru sote, lakini wanakwenda. Mwalimu Thea akaenda mbele. Akamwambia nyumba ya kutazama si ile, ni hii, nyeupe, safi, aingie tu dakika moja. Aliushika mchoro kwa mikono miwili. 

"Dada yangu," kasema Camille, "mimi saa hizi nataka maji tu."

Wakaondoka kwenda Pruitt, vioo vyote chini, mbwa analia. Pruitt kuna hoteli. Pruitt kuna nyumba tele. Watoto wetu walibaki wameshika KARIBUNI, gari lilishapotea na wao bado wameinua mikono.

Wendell kainama chini ya baraza na tochi, kitambaa puani. Katoka na kopo la dagaa. Kaligeuza, kaligeuza tena. Kanitazama.

Nikasema paka wamezidi mjini.

 Kisha kawaambia watu, "Kosa langu. Nilipaswa kuchungulia chini kabla sijaweka watu ndani."

Wote wakamtazama yeye. Hakuna aliyenitazama mimi. Siku zote hizo sijawahi kuona Halvard ikimtazama Wendell namna ile. Nilisikia raha kidogo. Kidogo sana. Kisha baridi.

Jumatano, 16 Aprili

Shule imefungwa. Akina Reinholt wamewaandikisha watoto wao Pruitt. Kikao cha kaunti hakikuchukua hata muda wa kahawa kupoa.

Mwalimu Thea anahamia kwa mdogo wake, mjini Omaha. Nimemsaidia kubeba maboksi, kwa kuwa pikapu yangu ndiyo kubwa. Madawati yameachwa. Kwenye sakafu, pale yalipokuwa, mbao zina rangi tofauti. Kanipa mkono. Kasema, "Wewe ni mtu mwema, mzee Orrin. Uliitoa nyumba ya mama yako kwa ajili ya watoto."

Nikasema tulijitahidi. Nikabeba tufe la ramani ya dunia hadi kwenye gari, likawa zito kuliko linavyoonekana.

Lakini tuseme ukweli. Watu wanatembea na mbwa bila kamba! Mbwa mmoja ameua shule nzima, na hakuna anayelisema hilo. Kungekuwa na sheria, tungekuwa na shule.

Jumanne, 22 Aprili

Wendell haji tena mkahawani. Amejiuzulu uenyekiti. Nasikia anakula chakula chake ghalani, amesimama. Watu wanampita barabarani bila kupunga mkono, na hapa hata mwizi hupungiwa.

Lorna kaja jana kurudishiwa bakuli lake. Nilikuwa nalo ndani ya pikapu. Kafungua mlango mwenyewe, kakuta blanketi juu ya kiti. Kasimama. Kanusa. Kaufunga mlango polepole, karudi kwake bila bakuli. Nilimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

Wanawake wa Halvard wana visirani.

Leo nimekaa kwenye kiti cha Wendell, kile cha dirishani. Nilikuwa nakitamani miaka. Kina mguu mfupi, kinayumba, na hakuna wa kumtupia neno. Barabara tupu. Saa ya kutoka shule ilifika, mtaani hakukatiza mtu. Ardith aliangalia nje, kisha akaangalia pembeni.

Hapo wazo likanijia. Uenyekiti uko wazi! Nitagombea. Hoja yangu ya kwanza: kuvutia familia mpya. Mji huu umekosa mtu anayejua kupokea wageni. Nyumba ya Mama ni nyeupe, mpya kabisa, tutaanzia hapo.

Nikamdokezea Ardith. Akafuta kaunta. Akasema yeye naye ameshachukua fomu.

Ala! Ardith!

Nikamwagiza kahawa nyingine, nipate muda wa kufikiri. Nimegundua mlango wake wa nyuma, ule wa jikoni, haufungiki sawasawa.