Umoja wa Wakazi wa Uchochoro wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa kwanza wa kupanga upya katikati ya mji. Ukumbi umefurika. Bi Ramani, mpangaji wa miji, alisema kila kikundi cha wakazi kitasikilizwa. Msusi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akasimama kwa niaba ya wasusi wote. Eti kituo cha basi kiwe mlangoni kwake! Kituo ni changu. Abiria wakichoka kusubiri watanunua magodoro dukani kwangu. Nikasimama nami, nikajitangaza mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi wa Uchochoro wa Nyuma. Msusi akauliza uchochoro upi, nyuma ya duka lako si kuna ukuta tu? Nikasema wanachama wangu ni wazee, wana haya. Hongera kwangu.

Jumanne, 4 Machi
Bi Ramani kanipigia simu kunishukuru. Wanachama wangu walifika ukumbini asubuhi. Wapole mno, alisema, ila wana vumbi kidogo. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikaacha kucheka. Bila shaka ni hila za msusi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda ukumbini kuwaumbua. Wamekaa safu ya mwisho, kimya, chokaa mabegani. Nilipoingia wakasimama wote kwa pamoja. Ajuza mmoja, mkongwe kuliko bibi yangu marehemu, akaniamkia shikamoo. Mimi! Nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Mkono wake baridi kama sakafu. Nikamuuliza wanaishi wapi. Akasema, “Nyuma kwako, mwenyekiti. Tulikuwa tunangoja mtu atutaje.” Nikageuka kumtazama msusi. Alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kajiziba mdomo kwa mtandio. Basi si yeye.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu anasema ukuta unakohoa. Nikamwambia ni mabomba. Akasema mabomba hayaombi chumvi. Nimeegemeza magodoro ukutani kuzuia sauti. Nilipotoka kula nikakuta moja limelazwa chini, lina joto, lina umbo la mtu aliyejikunja. Nimelibandika karatasi: LIMEJARIBIWA. Hakuna aliyenunua.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya kura. Nikasimama kuuvunja umoja. Ajuza akasema hilo nalo lipigiwe kura. Mikono ikanyanyuka safu yote ya mwisho, na safu ya mbele yake, ambayo nilipoingia ilikuwa tupu. Nimekataliwa hata kujiuzulu! Wakapitisha uchochoro wao ufunguliwe. Utakata duka langu katikati. Kituo kachukua msusi. Bi Ramani machozi yalimlengalenga: hajawahi kuona jamii iliyoshikamana hivi. Mke wangu amehamia kwa dada yake. Kabla ya kuondoka alinisihi niwaombe radhi. Nimwombe radhi nani, ukuta?

Jumamosi, 8 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu lilikuwa dogo tu: nilichagua wazee. Wazee wana misimamo. Nimempigia Bi Ramani, nikamwambia upo pia Umoja wa Vijana wa Ziwani, nao wanataka kura irudiwe, kituo kije kwangu. Amefurahi sana. Mke wangu aliposikia akapiga kelele kwenye simu: mji huu lini ulikuwa na ziwa? Nikamwambia ndiyo maana hakuna atakayebisha. Akakata.

Sasa nimtafute fundi bomba. Sakafu ya duka imejaa maji, sijui yanatoka wapi, na huko mlangoni kuna watu wengi wanabisha hodi bila kusema neno. Wateja, hatimaye!