Fangasi Zangu na Kikao Chako cha Ukoo

Segese,
Jumapili mchana.

Kwako wifi yangu mheshimiwa, Mama Kudra, Mwadui.

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mimi ninayewashwa, kama ulivyoutangazia ukoo mzima. Nina malalamiko machache, nayaleta kwa heshima zote unazostahili.

1. Fangasi za ukeni zimenirudia mara nne mwaka huu. Uliita kikao, ukasimama mbele ya baba mkwe, ukasema, "Ugonjwa huu Ritha kautoa nje." Nakushukuru kwa uchunguzi huo uliofanyika bila kipimo chochote. Siku hiyohiyo kaka yako Donatus alihamishia godoro sebuleni.

2. Uliniletea sabuni ya kunukia, nijisafishe ndani. Niliitumia kwa utii. Siku tatu nilitembea kama bata.

3. Daktari niliyemwendea hana adabu. Badala ya kuniuliza habari za wanaume, aliniuliza habari za chafya! Nikamweleza kwamba Donatus akirudi kutoka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe, na vumbi lake, napiga chafya hadi machozi. Akachukua kipimo, akasema, "Ni fangasi kweli. Baadhi ya wanawake wenye mzio hurudiwa namna hii, ingawa sababu yote bado hatujaijua. Hakuna umalaya hapa. Na sabuni hiyo acha, maji matupu yanatosha." Akanipa dawa ya kumeza kila wiki kwa miezi sita.

Donatus alikuwa amekaa pembeni yangu. Jioni alirudisha godoro chumbani mwenyewe. Sasa anaoga kabla hajanikaribia.

4. Kwa hiyo naomba kikao cha pili. Mshtakiwa awe vumbi. Likikana, sabuni yako ije kutoa ushahidi. Wote wakitiwa hatiani, mbuzi wa faini aliwe na wazee. Wewe utakaa pale kwenye mkeka nilipokaa nikilia, mimi nitakalia kiti chako.

Wasalimie wote waliohudhuria, hasa wale waliotikisa vichwa.

Ni mimi wifi yako, mtuhumiwa mstaafu,
Ritha.

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha ulipopiga simu, ukanong'ona, "Ritha, huyo daktari yupo siku gani? Mwaka wa tatu huu nawashwa, naogopa kumwambia Baba Kudra." Wifi yangu, yote ya hapo juu nayafuta. Barua nitakukabidhi mkononi uichane mwenyewe. Njoo Jumatano, nitakusindikiza. Tutasema tumekwenda kununua vitenge.