Uzinduzi wa Joto la Mkanda

Mheshimiwa Mkuu wa Shule; Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ametingwa na majukumu na hivyo amemtuma mwakilishi; Mheshimiwa Mwakilishi wa Makamu, ambaye naye naona kiti chake kimekuja peke yake; waheshimiwa walimu wa baiolojia na wa masomo mengineyo yanayotambuliwa; binti yetu mpendwa, Katibu wa Chama cha Wapenda Wanyama; mama yetu mtunza maabara; wanafunzi, wapishi, bawabu aliyepo na bawabu wa zamu ijayo; na mimi mwenyewe, kwa nafasi yangu ya Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Kuchagua Chanzo cha Joto la Chatu wa Shule: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anapiga chafya.)

Kama mjuavyo, chatu wetu mdogo, ambaye ninyi wanafunzi mmempa jina la Mkanda, ni kiumbe asiyejitengenezea joto mwilini, hivyo hulitegemea joto la nje kama sisi tunavyotegemea muhuri. Na akishikwa na baridi, chakula hakisagiki tumboni, naye kwa busara zake hugoma kula. Ninafahamu fika kwamba hajatia kitu kinywani kwa wiki tisa. Ninafahamu pia kwamba Mkuu wa Shule ametamka, na yeye akitamka ametamka, kuwa leo suluhu isipopatikana, kesho asubuhi Mkanda atachukuliwa akalelewe kwingine. (Minong'ono. Katibu wa Chama anafuta macho kwa mkono wa sweta.) Usilie, binti yangu. Kamati ipo kazini.

Na Kamati imefanya kazi! Tumeketi vikao kumi na sita. Kuanzia kikao cha kwanza hadi cha tano tulijadili balbu, tukaikataa kwa kuwa nyoka akijiviringisha kwenye balbu isiyo na wavu huungua, na pia kwa kuwa mjumbe mmoja, mwalimu wa hisabati, alisema yeye hapati usingizi taa ikiwaka, hoja ambayo iliingizwa kwenye kumbukumbu ingawa hakuna aliyemwalika kulala humo. (Kicheko.) Kikao cha sita hadi cha tisa tulijadili jiwe la umeme, ambalo huchoma tumbo la nyoka kabla mwenyewe hajang'amua, tukalikataa kwa kauli moja, ukiondoa kauli ya mjumbe aliyelileta. Kikao cha kumi hakikufanyika, ila kilikuwa na mafanikio makubwa. Hatimaye, kwa kufuata fremuweki shirikishi na kuwahusisha wadau, au kwa lugha ya kitaalamu mastekiholda, tukafikia uamuzi wa kihistoria: mkeka wa umeme! Mkeka mwembamba, wa kulazwa chini ya theluthi moja ya sanduku la kioo, pamoja na kidhibiti joto chake, ili Mkanda awe na upande wa joto na upande wa baridi, na achague mwenyewe pa kulala. (Makofi ya nguvu.)

(Mama mtunza maabara, kutoka safu ya mbele: "Mkeka wenyewe ulifika wiki kumi na moja zilizopita, mzee!")

Nakushukuru, mama, kwa data hiyo. Ni kweli ulifika. Lakini utaratibu wa shule hii, ambao mimi niliuandika na mimi nikaupitisha, unasema kifaa kisitumike kabla hakijazinduliwa, na kisizinduliwe kabla hakijafanyiwa majaribio. Haraka haraka haina baraka. (Mama: "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Kicheko kirefu.) Tumbo la nyoka, mama, ni refu, lina nafasi ya kungojea.

Tukaingia awamu ya majaribio. Kwa kuwa si uungwana kumpa mnyama kitu ambacho binadamu hajakithibitisha, mkeka uliwekwa ofisini kwangu, chini ya meza yangu, chini ya miguu yangu. Sikujitakia, niliteuliwa, na aliyeniteua alikuwa mimi. Takwimu ndizo hizi: kwa siku hamsini na tano za kazi, kipimajoto, ambacho nacho kiko chini ya ulinzi wangu, kimesoma nyuzi thelathini na mbili bila kuyumba, asilimia mia moja ya miguu iliyoshiriki, yaani yote miwili, imeripoti kuridhika sana, na maumivu ya vifundo yamepungua kwa asilimia themanini. Sasa nani atasema mradi huu hauna matokeo? (Mkuu wa Shule anavua miwani.)

Hata leo, kwa ule moyo wa kutotenganisha kifaa na mlinzi wake, nimekuja nao. Uko hapa nyuma ya mimbari, chini ya miguu yangu, umechomekwa kwenye umeme, na ndiyo maana mnaniona nimetulia katika ukumbi ambao wengine wote mmevaa makoti. Na hapa kando yangu, sakafuni, chini ya kitambaa hiki cha kijani, ni sanduku la Mkanda, ambalo mama mtunza maabara amelileta kwa mikono yake. Nitavuta kitambaa, kisha nitatamka rasmi kwamba mkeka uhame. Tuhesabu pamoja! Moja! Mbili! Tatu! (Anavuta kitambaa. Sanduku ni tupu. Kifuniko kiko wazi.)

Naam. Hii, waheshimiwa, ni awamu ya kwanza, ambayo ni sanduku. (Safu nzima ya mbele inasimama ghafla.) Asanteni! Asanteni kwa heshima hii, sikuitarajia kabla ya hitimisho. (Safu ya pili inasimama juu ya viti.) Jamani, inatosha, mtaniliza. (Bawabu wa zamu ijayo ameshafika mlangoni. Mama: "Mzee, usisogeze mguu.") Sina nia ya kusogea, mama, mimi ni mtu wa msimamo. (Katibu wa Chama: "Mzee, tazama viatu vyako!")

(Mwenyekiti anatazama chini.)

Mheshimiwa Mkanda. Karibu sana. Naona sikukutaja kwenye itifaki, naomba radhi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sijaumwa, na ningependa kumbukumbu zibaki hivyo.

(Mama: "Hana sumu huyo. Kifuniko nilikiacha wazi makusudi. Nyie mmechagua kwa vikao kumi na sita, nikasema leo naye achague. Hakumaliza hata dakika tatu." Ukumbi unalipuka kwa kicheko na makofi.)

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Lakini amejizungusha kwenye kifundo changu hapa, juu ya soksi, na jamani, ni wa baridi! Baridi ya chuma cha lango asubuhi. Nimesaini ripoti kumi na sita na hakuna hata moja iliyoniambia hivyo. Naona haya, nasema kweli. (Mkuu wa Shule, akivaa miwani: "Mkeka ukihamishwa sasa hivi, Mkanda anabaki." Katibu wa Chama anaruka juu.)

Basi niitikieni kabla ganzi haijanipanda. Joto! (Juu!) Mkanda! (Oyee!) Majaribio kwa binadamu! (Basi!) Sikusikia huko nyuma! (Basi!)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wajumbe wote, wadau wote, na miguu yangu yote miwili, kwa kufanikisha mradi ambao nimeusifu nusu saa nzima na ambao, kwa ushahidi ulio juu ya viatu vyangu, haukuwahi kuwapo hadi pale Mkanda alipouanzisha mwenyewe. Mama, njoo uuchukue mkeka. Kipimajoto kimo mfukoni mwa koti. Mchukue na mheshimiwa, taratibu. Na kama hataki kushuka, chukua na viatu. Mimi nitarudi ofisini na soksi. Asanteni sana.