Perege Walivyowasalimia Wakwe

Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya baba mkwe mtarajiwa. Tena na shati jeupe!

Mnajua nina bwawa la perege bondeni, hapa Msamala. Na mnajua namtaka Oliva. Baba yake kasema hamtoi binti kwa mtu asiye na shughuli, kwa hiyo leo alikuja na mkewe kuiona shughuli yenyewe.

Nikajiandaa. Sisi wafugaji hutia samadi kidogo ili maji yaote mwani, yawe ya kijani, samaki wapate kula. Mimi nikasema kidogo ya nini, wakwe wanakuja! Wiki nzima nimemwaga samadi ya kuku kwa magunia. (Bwawa likawa kama mlenda. Nikalipiga picha, nikaweka status.)

Asubuhi na mapema wakafika. Shikamoo, marahaba, tukasogea ukingoni. Perege wote wako juu, midomo nje, wanafumbua na kufumba. Kichwa kikavimba.

"Wananijua hawa, baba. Wakinisikia tu wanakuja kusalimia."

Mzee akakunja mkono wa koti, akauchovya majini. Kiganja kikapotea hapo hapo.

"Unakiona kiganja changu?"

"Hapana, baba."

"Ulitakiwa ukione mpaka maji yafike kiwiko. Mwani umezidi, usiku kucha umemaliza hewa ya maji. Hawa hawasalimii, mwanangu. Wanakata roho."

(Kumbe mzee kafuga samaki tangu sijazaliwa. Oliva, hata kunidokeza?)

"Umesimama nini? Ingia uyapige maji yapate hewa!"

Nikaingia na suruali yangu ya misa. Nikayarusha maji kwa ndoo, nikayapiga kwa mikono, huku mama mkwe akicheka mpaka akakaa kwenye majani. Nilitoka wa kijani hadi nyusi. Waliokufa, mama aliwaokota akajaza ndoo yangu, akaondoka nayo.

Mzee akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Samaki umewalisha mpaka wamekosa pumzi. Binti yangu je?"

Nikainama, nikaanza kukamua suruali.

"Njoo nyumbani siku utakapokiona kiganja chako, maji yakiwa kwenye kiwiko."

Sasa hivi nimelala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja majini, mwingine naandika. Kiganja sikioni. Naombeni msicheke, mtanitibulia maji.