Bahari Yangu ya Masasi

Jumanne, 1 Oktoba 1996
Biashara huria oyee! Masasi nzima, mwenye bahari sebuleni ni mimi peke yangu. Tangi la kioo, samaki watatu wa milia, maji halisi ya Mtwara niliyoyapandisha kwa lori la korosho. Jirani yangu Mujibu ana dishi la televisheni. Dishi! Lenyewe hata halipumui. Tangi nimeliweka dirishani, jua lilipige sawasawa, kila apitaye barabarani alione. Tatizo dogo tu: maji yamekuwa ya kijani. Mujibu kaniuliza mbele za watu kisamvu changu nakiunga kwa nazi au kwa karanga.

Alhamisi, 3 Oktoba
Balaa! Mchumba wangu Theodora kaleta habari kwamba mjomba wake, Mzee Sijaona, anashuka kutoka Newala Jumapili ya wiki ijayo kuniangalia. Mjomba akikataa, hakuna ndoa. Baba mzazi hana kauli. Na mzee huyu kakulia kwenye shida ya maji. Akiingia nyumba ya mtu, kwanza anafunua mtungi. Wachumba wawili wa Theodora wamekwishakataliwa kwa maji machafu. Theodora akanishauri nilitoe tangi juani. Nikamjibu kwa upole kwamba yeye ni mwalimu wa hesabu, bahari aniachie mimi. Bahari gani isiyopigwa na jua?

Jumamosi, 5 Oktoba
Jana nilitia shabu. Marehemu bibi alisafisha maji ya kisima kwa shabu, na hakuna aliyelalamika. Jioni maji yakang'aa! Leo mchana nikamwita Mujibu aje ajionee. Kijani tupu, na samaki mmoja yuko chali. Nikamwambia amepumzika.

Jumapili, 6 Oktoba
Dada yangu Emilia kasema hawezi kuaibika mbele ya ukoo wa watu. Tumelisukuma tangi kwenye kona ya giza, kalifunika kwa mablanketi. Nimemwachia, maana wanawake hawaelewi sayansi. Mimi kwa akili yangu nimeweka redio kando yake, samaki wapate moyo.

Jumapili, 13 Oktoba
Ushindi! Mzee Sijaona alijibu shikamoo yangu huku macho yakitafuta mtungi. Akaufunua, akatikisa kichwa kukubali. Kisha, Mungu wangu, akayaendea mablanketi na kuyavuta mwenyewe. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mzee kachuchumaa mbele ya kioo, samaki wangu wawili wanacheza kwenye maji maangavu kama ya mvua. Akasema anayetunza hata maji yasiyonyweka, mpwa wake hatamtupa. Nililia, nakiri, maana nampenda sana Theodora. Emilia anadai ni giza lililosafisha. Giza! Ni redio.

Jumamosi, 19 Oktoba
Kesho mzee anarudi na wakubwa wa ukoo kupokea posa. Nimelirudisha tangi dirishani tangu Jumatatu, walione wakiwa bado barabarani. Nimeongeza taa ya tyubu na redio ya pili. Mablanketi nimemrudishia Emilia, na maneno mawili matatu juu ya sayansi. Theodora alipita jioni, akatazama dirishani, akashika kichwa, akaondoka bila kuaga. Furaha imemzidi, maskini. Naona maji yana ukijani kidogo. Si kitu. Sauti ya redio iko chini mno.