Mlimau Wangu Unanyolewa na Wenye Mafua

Dedan Mbugua,
Ghorofa ya Pili, Ploti ya Tumaini,
Umoja, Nairobi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wapangaji.

Mheshimiwa Bwana Nabiswa,

MINT: KUHARIBIWA KWA MLIMAU ULIO KWENYE PAA

Natumaini kifua chako ni kizima. Sikuulizi kwa adabu tu, kwa maana kikohozi ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mlimau wangu unaujua. Uko kwenye paa, karibu na kamba za nguo, ndani ya pipa la buluu. Nimeulea tangu nilipostaafu. Nimeupa mbolea ya kuku kutoka Komarock, maji ya kuoshea mchele, masalio ya majani ya chai na maneno mazuri kila asubuhi. Matokeo uliyaona kabla haujanyolewa: majani manene, ya kijani kibichi, yamebanana mpaka jua halipenyi. Ua? Hata moja, bwana. Na sijawahi kuukata hata kijiti, kwa sababu mtu mwenye akili zake hakati kitu anachokingoja kizae.

Sasa pipa lenyewe ni la Nduta, mke wangu. Alilinunua la kuwekea maji ya mgao. Amesema, na Nduta akisema amesema, kwamba mvua za vuli zikianza kabla mti haujachanua, mti utang'olewa na pipa lirudi jikoni. Sehemu inayofuata nakuomba usiisome kwa sauti mkutanoni: pipa hilo nililitoboa matundu chini ili maji yasituame, na yeye hajui. Mti ukitoka, Mwenyekiti, na mimi natoka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mama Hirad, yaani Bi Shamso wa ghorofa ya tatu. Kwenye ile baridi ya Julai mtoto wake alibanwa na kifua. Akapanda kwenye paa na mkasi wake wa kushonea, akakata ncha za matawi, akazichemsha, akamfunika mtoto blanketi na kumfukiza. Dawa ikafanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana habari zilizunguka ploti nzima kabla ya chai ya saa nne. Nilipomkabili alinijibu kwa upole kabisa kwamba, mzee wangu, majani yataota mengine lakini kifua cha Hirad ni kimoja. Nikateremka ngazi na hasira zangu zote kama nilivyopanda nazo.

2. Waliofuata. Kila mwenye mafua sasa anapanda na kisu chake cha kukatia sukuma wiki. Wa ghorofa ya chini wamekuja, wa ploti ya jirani wamekuja, na kuna bwana mmoja aliyekohoa mbele ya macho yangu ili nimhurumie. Nasema bila woga kwamba kikohozi kile kilikuwa cha kuigiza. Upande wa kamba za nguo umebaki vijiti vitupu. Ule wa ukutani niliwahi kuufunika kwa neti ya mbu, na namshukuru Mungu haujaguswa.

3. Wewe mwenyewe. Samahani, lakini sitakuruka. Ulitangaza kwamba maji ya tangi si ya mimea mpaka mgao uishe. Nikatii. Udongo ukapasuka na majani yakajikunja huku nikitazama. Halafu Jacky, yule binti anayefulia watu nguo, akauburuta mti kutoka kwenye kivuli cha tangi hadi juani, eti apate nafasi ya kuanika shuka. Jamani! Kunyolewa, kunyimwa maji, kisha kuanikwa! Hata mwizi wa simu huchaguliwa adhabu moja.

Kwa hivyo naomba kwa heshima kwamba mlango wa paa ufungwe na ufunguo ukae kwangu. Mama Hirad aandikiwe onyo. Kila anayepanda kuanika nguo apekuliwe mkasi. Na kwa kuwa chanzo cha yote ni kikohozi, naomba kamati ipige marufuku kukohoa katika ploti hii mpaka mlimau utoe maua. Atakayeshindwa kujizuia akakohoe huko barabara ya Outer Ring, kule nafasi ipo. Wageni nao wasikilizwe vifua langoni kabla ya kufunguliwa. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni njia nyingine.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, keateka anayetutunzia ploti, na wajumbe wote wa kamati walio wazima. Wenye mafua nitawasalimia wakishapona.

Ni mimi mpangaji wako mwenye uchungu,
Dedan Mbugua

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilipanda kwenye paa, ambako sikuwa nimekanyaga tangu siku ile ya Jacky, kukusanya vijiti vya ushahidi. Nimemkuta Nduta amesimama na Mama Hirad, pua zao ndani ya mti. Kumbe tangu mgao ulipoisha Jacky amekuwa akiumwagia maji yake ya kusuuzia. Maua, Mwenyekiti! Meupe! Yametoka kwenye kila tawi lililokatwa, na harufu yake imefika mpaka kwenye ngazi. Upande wangu wa neti hauna hata moja, ni majani tu. Mama Hirad alijizuia, lakini Nduta alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema pipa libaki. Nimefurahi, haki ya Mungu, nimefurahi.

Basi futa maombi yote, la kwanza hadi la mwisho. Ila tuna shida mpya. Upande wa pili nao unahitaji kukatwa, na mimi nikishika mkasi naanza kuuomba mti radhi, siwezi. Nimemwomba Mama Hirad, amesema hana sababu ya kukata, Hirad ni mzima. Nimegonga milango yote. Ploti nzima imepona. Tafadhali, ukimjua mtu yeyote anayekohoa, hata awe wa Komarock, mlete upesi. Neti nimeshaitoa.