Mkongwe Aliyecheza Lubumbashi

Jumatatu, 5 Machi 2018

Miaka minne na miezi miwili tangu nitoke Makunduchi kuja Johannesburg. Mgongo unauma. Leo ghalani Midrand tumepakua mafriji tangu asubuhi. Sijui watu wa mji huu wanataka baridi ya nini, na majira ya baridi yenyewe yako njiani.

Lakini mgongo si habari. Habari ni kwamba jana timu yetu ya mpira, Umoja ya Bellevue, imefungwa tena. Tatu bila! Gaël, mshambuliaji wetu, kijana wa Bujumbura mwenye mbio za mwizi wa simu, alibaki yeye na kipa tu. Akapiga. Mpira ukaenda kulala juu ya paa la kanisa. Mchungaji akaurudisha mwenyewe, na akatuombea.

Mimi ndiye mteuzi wa kikosi. Vilevile ndiye mbeba maji, lakini kwanza mteuzi. Kazini hakuna anayejua jina langu. Wananiita Tanzania. Tanzania sogeza, Tanzania inua. Jumapili tu, pale kwenye benchi la timu, ndipo watu wananiita Vuai. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali. Silitoi kwa mtu.

Khatibu analitaka. Huyu ni Mtanga, muuza viatu wa Rockey Street, mwenyekiti wa mashabiki aliyejichagua mwenyewe. Leo kasema mbele ya watu ati ubovu si wa Gaël, ubovu ni wa anayempanga. Ebo! Nikamjibu kwamba ubovu ni utoto. Timu haina mtu mzima. Tunahitaji mkongwe! Nililisema bila kufikiri, lakini lilitoka vizuri. Watu wakanitazama.

Sasa inabidi nimpate huyo mkongwe.

Jumanne, 6 Machi

Nimempata! Mungu si Khatibu.

Katika nyumba yetu, chumba cha mbele anakaa Mama Léocadie, msusi, mtu wa Lubumbashi. Jioni alikuwa uani anamsuka mteja, mimi nafua. Nikamlalamikia habari za timu. Akaniambia, chanuo mdomoni, kwamba mdogo wake Jacques alikuwa mchezaji mkubwa kwao. Alicheza Lubumbashi. Alicheza Kinshasa. Alicheza mpaka Brazzaville, uwanja umejaa.

"Ule alikuwa anacheza mbele kabisa, Papa Vuai. Akigeuka tu, batu banalia!"

Mbele kabisa! Akigeuka, watu wanalia! Hao ni mabeki, nani mwingine? Nikauliza yuko wapi sasa. Yuko hapa hapa, mlinzi wa geti kwenye nyumba za matajiri Midrand. Umri? Arobaini na sita. Nikauliza ana kilo ngapi. Akacheka, akasema mwembamba kama ufito.

Alitaka kuendelea kunieleza, lakini mimi nilishatoka mbio kwenda kwa Khatibu. Nguo zangu bado ziko kwenye beseni.

Jumatano, 7 Machi

Mkutano kwenye meza ya viatu ya Khatibu. Hoja moja: tumsajili mkongwe au tusimsajili?

Khatibu kaanza. Arobaini na sita! Kwao Tanga mtu wa umri huo anacheza bao, tena amekaa. Nikasema utu uzima dawa. Akasema dawa nazo huisha muda, soma kwenye chupa. Watu wakacheka. Nikaumia.

Fundi cherehani mmoja, Mkongomani, akanitetea. Akasema mkongwe hakimbii kwa sababu anajua mpira utamfuata alipo. Khatibu akamjibu kwamba hata mauti yatamfuata alipo, ni suala la nani atafika kwanza. Kelele. Mteja aliyekuja kununua ndala naye akatoa maoni. Akataka vijana. Hakununua ndala.

Mwisho akaulizwa Gaël. Nilidhani atanuna. Akasema polepole kwamba angependa apate mtu wa kumfundisha kutulia, maana akiona goli moyo unamwenda mbio na miguu inasahau. Nikaona haya. Ni mtoto wa watu, na sisi tunamjadili kama kiatu mezani.

Tukapiga kura kwa mikono. Tumeshinda kwa mkono mmoja. Wangu, niliuinua mara mbili.

Khatibu akatoa sharti: mkongwe akiboronga, Vuai anatoka kwenye benchi. Nikakubali. Nikampa mkono mbele ya mashahidi. Nimeshikwa na homa kidogo lakini ni ya furaha.

Alhamisi, 8 Machi

Baada ya zamu nimemfuata Jacques getini kwake. Mrefu, sare imempwaya, anafungulia magari na kuyapigia saluti. Nimemwambia natoka Umoja ya Bellevue, habari zake tunazo, Jumapili tunataka aje acheze kwenye uwanja wa Bez Valley.

Akauliza nani kanituma. Watu. Watu gani? Watu wote, nikasema! Akavua kofia. Akaangalia pembeni muda mrefu mpaka gari moja likapiga honi.

Akasema hajacheza tangu aje nchi hii, goti lake la kushoto si zuri. Nikasema la nani zuri. Akauliza atacheza muda gani. Dakika tisini! Akashtuka. Zamani hata wao walikuwa wanapumzika. Nikamwambia mapumziko yapo. Akauliza atakuwa peke yake? Hapana, nyuma yake kuna kumi. Je, hao kumi wanajua kumfuata? Nikasema watajifunza. Na sauti? Nikamhakikishia kwamba sauti ipo ya kutosha, mashabiki wetu wana vuvuzela. Akakunja uso kidogo, lakini akakubali.

Mwisho akauliza avae nini. Nikamjibu avae kinachompa nguvu.

Mtu makini sana. Wachezaji wa siku hizi hawaulizi maswali hayo.

Ijumaa, 9 Machi

Loo! Loo! Loo!

Jioni nimempelekea njumu chumbani kwake Troyeville. Akazigeuza mkononi, akaangalia yale meno chini, akasema kwa adabu kwamba asante kaka, lakini hivi vitanikwaza nikigeuka. Nikainua macho. Ukutani picha kubwa. Jacques yuko hewani, suti nyeupe, nyuma yake magitaa na ngoma na wanawake watatu wa kuitikia.

Mnenguaji! Si mchezaji. Yaani mchezaji, lakini wa muziki! Alicheza mbele kabisa, mbele ya bendi! Na watu waliolia si mabeki!

Nikakaa kitandani. Nikaomba maji.

Suti ile ile ilikuwa imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi mpaka inakata. Jacques alikuwa ananionyesha viatu vyake vya ncha. Ameomba ruhusa kazini. Amewaalika watu wa kanisani kwake. Na binti yake Héritière atakuja. Msichana huyu amekulia hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, na baba yake Kiingereza chake kinaishia getini. Kwa hiyo wanaishi kwa maneno machache: chakula, funguo, umechelewa. Jacques akaniambia binti hajawahi kumwona akicheza. Anadhani baba yake alizaliwa na sare.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Nikamwambia suti ni nzuri.

Jumamosi, 10 Machi

Sikulala vizuri. Nina mashabiki wanaosubiri mshambuliaji na mshambuliaji anayesubiri bendi.

Mpango wa kwanza: kumfundisha mpira. Nimemwita uani asubuhi, nikamwambia kuna mtindo mpya wa hapa Johannesburg, unacheza huku unasukuma kitu kwa mguu. Nikamwekea mpira. Akaukwepa kwa ustadi mkubwa. Nikaurudisha. Akaukwepa tena, safari hii kwa kuzunguka. Mara ya tatu akaupiga. Ukaingia kwenye beseni la dawa za nywele za Mama Léocadie. Mpango wa kwanza umekufa. Mpira umekuwa mweusi ti.

Mpango wa pili ni wa akili. Nitamwambia Khatibu kwamba mkongwe kastua goti, hataanza. Kisha wakati wa mapumziko Jacques anacheza, binti anaona, kanisa linaona. Kila mtu anapata chake na hakuna anayejua kitu! Kwani nimesema uongo gani? Goti kweli ni bovu.

Muziki utatoka kwenye simu ya Mama Léocadie. Spika nimeazima kwa Khatibu mwenyewe, ile anayotangazia viatu. Nimemwambia mkongwe anapenda kutoa maelekezo kwa sauti. Kaniamini. Wakati mwingine namhurumia Khatibu.

Jumapili, 11 Machi

Mgongo, goti la Jacques, roho yangu: vyote vinauma. Lakini niandike.

Jacques aliingia uwanjani na suti nyeupe, nyuma yake kanisa zima. Wamalawi wa Troyeville, wapinzani wetu, wakasimama kumpisha wakidhani ni mgeni rasmi. Refa akamsalimia kwa mikono miwili. Khatibu akaniuliza, huyu ndiye? Nikasema ndiye. Akauliza atacheza na tai? Nikasema goti, mwenyekiti, goti, hebu tusubiri mapumziko.

Mapumziko tulikuwa nyuma mbili bila. Nikawasha spika.

Kwanza ikatoka sauti ya Khatibu: viatu, viatu, viatu vya mtumba. Nikabonyeza tena. Gitaa likaingia.

Jacques alianza na mabega tu. Watu wa Khatibu wakazomea. "Babu, mpira uko huku!" "Mpeni kiti!" Yeye hakuwasikia. Akaingiza kiuno, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba aliyoihama zamani na kukuta ufunguo bado unaingia. Halafu miguu. Vumbi likapanda kwenye vile viatu vya ncha. Goti la kushoto lilimkatalia mara moja, mbele ya wote. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amelirudia lile kosa, kulia na kushoto, mpaka likawa mtindo. Kuzomea kukaisha. Wamama wa kanisani wakaanza kulia. Kweli kabisa, akigeuka, watu wanalia.

Héritière alikuwa ameinua simu arekodi. Akaishusha. Akasema, "Eish, Papa." Kisha akavua viatu, akaingia uwanjani, akasimama mkabala na baba yake, akamfuata hatua kwa hatua. Hakuna aliyetafuta neno.

Khatibu alifuta macho, akasema ni vumbi. Vumbi lilikuwepo kweli.

Refa alisahau filimbi. Kipindi cha pili kilichelewa sana kwa sababu Wamalawi nao walikuwa wanacheza. Tumefungwa nne moja. Lakini hilo moja! Gaël alibaki na kipa, akatulia, akageuza kiuno kama alivyoona. Kipa akaenda mtaa wa pili, Bertrams, mpira ukaenda wavuni.

Jumatatu, 12 Machi

Mkutano tena mezani kwa Khatibu. Ahadi ni ahadi, kasema. Mkongwe wa Vuai hakugusa mpira hata kwa bahati mbaya. Vuai anatoka kwenye benchi.

Hoja ya pili: tumsajili mkongwe au tusimsajili? Mikono yote juu! Wa Gaël, wa fundi cherehani, hata wa yule mteja wa ndala. Atacheza kila Jumapili wakati wa mapumziko. Na mimi nikainua wangu. Mara moja tu.

Halafu Khatibu akauliza nani atapewa nafasi kwenye benchi. Jacques, wakasema. Ana goti.

Nitasimama nyuma ya kamba ya mashabiki na watu wengine. Nyuma ya kamba ile hakuna anayekuita kwa jina.

Jioni Jacques kaja kunishukuru, kaniletea samaki na fufu, ugali wa kwao, aliopika binti yake. Kaniambia toka jana Héritière anamuuliza maneno. Hiki mnaitaje, kile mnaitaje. Leo kamsindikiza mpaka kwenye taksi, mkono kwa mkono, wakavuka robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu kwa kuongea. Akaniuliza nilijuaje kuwa yeye bado anaweza, wakati mwenyewe alishajisahau.

Nikasema mimi nina jicho la kuona vipaji.

Samaki mtamu. Nimemla mpaka kichwa.

Ijumaa, 16 Machi

Wiki nzima Tanzania sogeza, Tanzania inua. Lakini mambo yanageuka!

Mama Léocadie ananihurumia kwa yaliyonikuta. Leo kaniambia ana binamu, Parfait, kafika karibuni yuko Pretoria, anatafuta kazi. Huyu alilinda mlango miaka mingi kwenye uwanja mkubwa wa kwao. Mlinda mlango! Ndicho tunachokosa!

"Papa Vuai, pale hakupita mutu. Hata mutoto wa waziri alimurudisha."

Sikujua kama mtoto wa waziri naye alikuwa mshambuliaji. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimeuliza maswali. Nimeuliza anatumia zaidi mikono au miguu. Mikono, kasema, na wakisumbua sana, rungu. Rungu bila shaka ndiyo mguu wa kushoto, Wakongomani wana maneno yao. Nimeuliza ana ukubwa gani. Anaziba geti zima.

Nimeshamtumia ujumbe Khatibu: kesho mkutano, hoja moja, kipa. Benchi langu nalirudisha.

Mama yangu nilimwahidi kwamba Idi Ndogo itanikuta nyumbani Makunduchi. Haitawezekana, ligi itakuwa katikati na Parfait hawezi kuachwa peke yake. Nitarudi Mfungo Tatu, Idi Kubwa, na kombe mkononi. Wasichinje mpaka nifike.